Aiskrimu ya zabibu imetoka rangi ya sementi, wajuzi wa kastadi njooni huku

MamaPacha_Dom
Habari za jioni wakuu. Nimekuja nimenyong'onyea kabisa, mnisaidie na msinicheke sana (najua mtacheka tu).

Iko hivi. Juzi mzee katoka Makutupora, kapita kwa wale akina mama wa barabarani karudi na ndoo nzima ya zabibu nyekundu, zile ndogo ndogo zenye mbegu, tamu hatari. Tumekula, tumegawia majirani, bado zipo na zimeanza kulainika. Watoto wako likizo na joto hili la mwezi wa tisa mnalijua wenyewe, yule wa koni akipita na baiskeli na kale kamziki kake ni kilio, pacha wawili ni koni mbili, binamu yao akiwepo ni tatu, zidisha kwa wiki nzima. Nikasema basi, natengeneza mwenyewe, tena ile ya kastadi ya mayai kabisa, sio barafu za kwenye mfuko.

Nikachemsha maziwa ya ng'ombe lita moja, yakiwa yanatokota nikavunjia mayai manne humo humo huku nakoroga, sukari kikombe cha chai kimoja, vanila. Zabibu nikazisaga mbichi kwenye blenda na maganda na mbegu, nikachuja, juisi ikatoka kama lita moja nikaimwaga yote kwenye sufuria bado ya moto. Kwanza ikapiga zambarau nzuri nikafurahi, nageuka suuza blenda narudi imekuwa KIJIVU. Sementi mbichi kabisa. Na vipande vipande vinaelea kama mayai ya kukaanga yaliyomwagikiwa maji.

Sikukata tamaa, nikaweka kwenye kile kichumba cha barafu cha friji langu la mlango mmoja. Asubuhi chini ni barafu tupu inakwaruza meno, juu uji. Kijiko kimoja kimepinda. Pacha mdogo kalamba akaniangalia akauliza "mama, hii ni dawa ya nini?"

Nimekosea wapi? Zabibu bado ninazo kama kilo tatu kwa hiyo jibuni haraka.

Plasta_Boy
Dada samahani, hiyo sementi ni ya nguvu ya 32 au 42? Nina kibaraza huku Ihumwa kimebaki kupigwa lipu.

Mpita Njia wa Nkuhungu
Hahahaha "hii ni dawa ya nini". Naweka kambi hapa na kijiko changu.

MkulimaHombolo
Mama pacha pole, ila umenichekesha. Mimi nalima zabibu na nyumbani tunakamua juisi kila msimu, nikueleze suala la rangi tu, mayai waachie wenyewe.

Rangi ya zabibu nyekundu iko kwenye ganda, na hiyo rangi tabia yake inafuata uchachu. Kwenye uchachu inakuwa nyekundu inang'aa, uchachu ukipungua inakwenda zambarau, ukipungua zaidi inageuka bluu bluu ya kijivu. Juisi ya zabibu yenyewe ni chachu hata kama ulimi unaona sukari, ndo maana kwenye glasi ni nyekundu. Maziwa hayana uchachu wa maana. Ukiimwaga juisi kwenye lita ya maziwa umeifuta uchachu wake, rangi inakimbia. Sasa changanya hiyo bluu ya kijivu na njano ya kiini cha yai unategemea nini kama sio sementi?

Jaribu hapo hapo ulipo, chukua kijiko kimoja cha hiyo sementi yako weka kwenye kisosi, dondoshea limau matone mawili matatu ukoroge. Utaona inarudi pinki mbele ya macho yako.

Jambo lingine, ukija kupika zabibu usitumie sufuria ya alminiamu, zile za kawaida za sokoni. Uchachu unakula alminiamu, ladha inakuwa ya chuma na rangi nayo inazidi kuharibika. Tumia ya stili au chungu.

MamaPacha_Dom
MkulimaHombolo yaani nimefanya sasa hivi na limau, IMERUDI PINKI. Nimewaita watoto waone. Mzee katoka chumbani anauliza nani kafariki maana nimepiga kelele.

Jikoni_AreaC
Dada shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Nimepika hotelini miaka kadhaa kabla sijaamua kukaa na wanangu, ngoja nikutoe kwenye sementi. Ni ndefu, chukua kiti.

Kosa la kwanza ni yai kwenye maziwa yanayotokota. Kiini cha yai kinaanza kushika kwenye joto la sabini na kitu, kastadi inakuwa nzito vizuri ikifika kama 80 hivi, ukivuka 85 yai linajikunja na kuachana na maji, ndo hivyo vipande ulivyoviona. Kwa hiyo kazi yote ya kastadi ni kucheza kwenye kale kanafasi kadogo. Na yai zima la nini, unataka viini tu. Ute wake ni maji mengi, hauna kazi hapa, uweke watoto wapate chipsi mayai jioni. Kiini ndo chenye mafuta na ndo kinachofanya mafuta ya maziwa na maji vikae pamoja bila kugombana, ukila unaona ulimi umetelezea.

Kosa la pili, juisi ya zabibu chachu kwenye maziwa ya moto. Hata usingekuwa na yai hata moja maziwa yangekatika. Vile vipande vyako nina uhakika nusu ni yai nusu ni maziwa yaliyokatika.

Kosa la tatu, na hili ndo kubwa kuliko yote, MAJI. Lita nzima ya juisi mbichi! Tunda ni maji, dada. Zabibu, tikiti, nanasi, embe, yote sehemu kubwa ni maji. Maji yakiganda ni barafu, hakuna uchawi. Unataka ladha ya zabibu bila maji ya zabibu, na njia pekee nyumbani ni kuyachemsha yaondoke.

Fanya hivi. Zabibu kilo moja, zioshe, toa vikonyo, tia kwenye sufuria ya stili na sukari gramu mia (kama nusu kikombe cha chai), usiongeze maji hata tone. Funika moto mdogo dakika kumi, zitapasuka zenyewe zitoe maji mengi mpaka ushangae. Ponda kwa mwiko, sio kwa blenda, blenda inasaga mbegu na mbegu ya zabibu ni chungu inakaza ulimi. Chuja kwa chujio, kandamiza maganda kwa mgongo wa kijiko maana rangi yote iko huko kama alivyosema mkulima. Kilichochujika rudisha motoni bila kufunika, acha kichemke taratibu unakoroga koroga mpaka kibaki kama kikombe kimoja na robo, uzito wa asali nyepesi. Kwenye kilo ya zabibu mimi huwa nabaki na mililita 300 hivi. Kamulia limau nusu. Weka kwenye friji ipoe kabisa, na nasema kabisa.

Kastadi: maziwa nusu lita, krimu robo lita, viini vitano, sukari gramu 120, chumvi ya kuokota na vidole viwili. Viini na sukari vichape kwenye bakuli mpaka vipauke. Maziwa na krimu vipashe mpaka uone mapovu madogo pembeni mwa sufuria, zima. Sasa mwaga maziwa ya moto kwenye viini kidogo kidogo, upawa mmoja huku mkono mwingine unachapa bila kusimama, upawa wa pili, wa tatu, hapo viini vimeshazoea moto havitashtuka, ndo unarudisha vyote sufuriani. Moto mdogo, koroga kwa mwiko ukipita chini kabisa na kwenye kona. Usiondoke. Mtoto akilia alie, simu ikiita iite. Dakika sita mpaka kumi utaona ule mvuke unakuwa mzito na mwiko unaanza kukokota. Inua mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki bila kufunikwa, imeiva, toa haraka chuja kwenye bakuli la baridi. Mstari ukijifunika, bado.

Iache ilale kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi ndo unachanganya na rojo la zabibu, baridi kwa baridi. Hapo hata limau liwepo maziwa hayakatiki kirahisi kwa sababu yai limeshayashika na hakuna moto.

Mgogo_Mtulivu
Mbukwenyi. Kuuliza si ujinga, mie natumia jiko la mkaa, moto mdogo naupataje? Mkaa ukishawaka umewaka.

Jikoni_AreaC
Mgogo_Mtulivu swali zuri. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, bakuli la kastadi likae juu yake bila kugusa maji, mvuke ndo upike. Inachukua muda, robo saa hata zaidi, lakini ni vigumu kuunguza. Na sisi wa Dodoma tuna bahati kidogo, tuko juu kama mita 1,100 na kitu kutoka baharini, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi sio 100. Ndo maana na maharage yetu yanachelewa kuiva kuliko ya wifi yangu wa Tanga, usilaumu maharage.

ShangaziWaKizota
Nyie watoto mnapenda kujitesa. Viini vitano, krimu, kipimajoto, usiku mmoja, mtu anaoa au anatengeneza aiskrimu? Chukua kastadi ya unga ile ya kopo, vijiko viwili vya kulia, koroga na maziwa baridi kidogo, mimina kwenye maziwa yanayochemka nusu lita na sukari yako, dakika mbili imekuwa nzito. Haikatiki, haina vipande, haina presha. Nimelea watoto sita na kastadi hiyo na kila Iddi majirani wanaleta bakuli.

Jikoni_AreaC
Shangazi shikamoo. Sikatai, inafanya kazi. Ila ile ya kopo haina yai hata kidogo, ni konflawa na rangi na vanila. Aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza ni mfamasia wa Birmingham kule Uingereza anaitwa Alfred Bird, mwaka 1837, kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru na kastadi alikuwa anaipenda. Kwa hiyo kwa mwenye mzio wa mayai ni mkombozi. Na kweli haiogopi moto, tena yenyewe ni lazima ichemke ndo wanga ushike, usipoichemsha inabaki na ladha ya unga mbichi. Ila ulimini shangazi, kubali tu, sio sawa na ya viini.

ShangaziWaKizota
Marahaba. Basi na mimi ni mke wa Bird. Weka unga kijiko kimoja na viini viwili, upate vyote. Hiyo ndo siri yangu ya Iddi nilikuwa sitaki kusema.

Jikoni_AreaC
Shangazi hiyo nimeiiba rasmi. Na ina akili, unga unamlinda yai asikatike haraka, na kwenye friji unazuia chembe za barafu zisikue.

Binti_Mvumi
Krimu mnaipata wapi na kwa bei gani? Maana mimi niliangalia supamaketi moja hapa mjini nikairudisha kwenye rafu taratibu kama nimeshika mtoto wa mtu.

MamaPacha_Dom
Hata mimi hapo kwenye krimu nimekwama, mie ninaye mzee wa maziwa wa baiskeli tu.

Jikoni_AreaC
Mzee wa baiskeli anatosha kama maziwa yake hayana maji. Chemsha lita mbili, acha yapoe bila kukoroga, weka friji usiku kucha, asubuhi juu kuna utando mzito wa njano, wapwani wanaita malai, uukusanye wote na yale mazito ya chini yake. Ndo krimu yako hiyo. Au njia ya wavivu, chemsha lita moja ya maziwa taratibu mpaka ibaki robo tatu, ongeza vijiko vitatu vya maziwa ya unga. Unachotafuta ni maji kidogo na vitu vingi visivyo maji.

Na maziwa ya baiskeli YACHEMSHWE jamani, hata kama unapika kastadi. Wengine wanaona kwa kuwa yataingia motoni na mayai basi inatosha. Brusela sio mchezo, homa inakwenda inarudi, viungo vinauma, unatibiwa malaria mara tatu kumbe ni maziwa.

Fundi_Friji_Majengo
Nimesoma yote hakuna aliyemwambia dada ukweli kuhusu friji. Kile kichumba cha juu ndani ya friji la mlango mmoja kimetengenezwa kwa ajili ya kukaa na barafu na samaki wa siku mbili, vingi havifiki hata nyuzi kumi chini ya sifuri. Difriza la kweli linatakiwa liwe 18 chini ya sifuri. Kinachotokea kwenye kichumba chako ni hiki: mchanganyiko unaganda pole pole, na kitu kikiganda pole pole maji yanapata muda wa kutafutana, chembe ndogo inaungana na jirani yake zinakuwa kubwa. Ukiganda haraka chembe zinabaki ndogo ulimi hauzioni.

Ushauri wa bure: kama friji lina utando wa barafu unene wa vidole viwili, lizime usiku mmoja liyeyuke, ule utando ni blanketi linazuia baridi. Na usikwangue kwa kisu, nimeshabadilisha mabomba ya gesi ya watu wengi sana sababu ya kisu.

Kama huna difriza kabisa tumia ndoo. Barafu kilo tatu chumvi kilo moja, ile ya mawe ya bei rahisi. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na barafu ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwa chochote kilicho karibu, hapo ndoo inashuka mpaka zaidi ya kumi chini ya sifuri bila umeme. Kastadi iwe kwenye sufuria ya stili yenye mfuniko, ikae katikati ya ndoo, zungusha zungusha, kila dakika tano fungua ukwangue pembeni urudishe katikati. Nusu saa hadi dakika arobaini. Kuna mama mmoja Mmarekani, Nancy Johnson, alisajili mashine ya mkono ya namna hiyo tangu 1843, ndoo, barafu, chumvi na mkono wa kuzungusha. Angalia tu chumvi isiruke ndani.

Plasta_Boy
Fundi kwa hiyo sementi inaganda na chumvi? (naondoka naondoka)

Kaka_wa_Divai
Mimi nimeshangaa mko Dodoma mnaongea zabibu na hakuna aliyetaja divai. Vijiko viwili vya kulia vya divai nyekundu tamu ya hapa hapa kwenye huo mchanganyiko, aiskrimu haiwi tofali, kilevi hakigandi kirahisi kinaifanya ibaki laini. Ila usizidishe, ukimwaga glasi nzima haitaganda mpaka kiama.

ShangaziWaKizota
Kuna watoto humu na kuna sisi tunaoswali. Usituharibie sufuria.

Kaka_wa_Divai
Nisamehe shangazi, ya kwangu naweka kontena la peke yake.

Jikoni_AreaC
Kwa nyumba zenye watoto sukari inafanya kazi hiyo hiyo. Ndo maana ukipunguza sukari "kwa afya" unapata jiwe, sukari haipo kwa utamu tu, inazuia maji yasigande yote. Usishuke sana chini ya kipimo. Na kikiwa cha baridi ulimi hausikii utamu vizuri, kwa hiyo kastadi ya moto ukiionja lazima uione tamu kupita kiasi, usiogope.

MamaPacha_Dom
Ripoti ya kwanza. Zabibu nimezipika jana kama alivyosema Jikoni, kilo moja ikabaki kikombe na kidogo, rangi yake jamani kama kitenge kipya. Kastadi nimetumia siri ya shangazi, viini viwili na unga kijiko kimoja, maziwa nimeyapunguza kwa kuchemsha. Mstari wa kidole umekaa! Nimesimama na mwiko kama nashika mwenge.

Leo asubuhi nimechanganya baridi kwa baridi, imetoka waridi ya kukolea, nikaonja nikafunga macho. Nikapeleka kwenye difriza la jirani (yangu haifai kwa mujibu wa fundi). Saa sita mchana umeme wa luku ya jirani ukaisha, yeye yuko kazini Mtumba, na mimi sina namba ya mita yake. Nimeirudisha kwangu ni maji. Nimekaa nayo hapa naitazama. Naweza kuigandisha tena?

Fundi_Friji_Majengo
Imeyeyuka kwa muda gani na ilikaa wapi? Kama bado ilikuwa ya baridi ndani ya difriza lililofungwa na ni saa mbili tatu, igandishe. Kama ilikaa juu ya meza kwenye joto hili, mwaga, kastadi ni maziwa na mayai, wadudu wanaipenda kuliko sisi.

MamaPacha_Dom
Ilikuwa ndani, mlango umefungwa, nimeikuta ya baridi kabisa vidole vinauma.

Jikoni_AreaC
Basi umepona. Na hii ni nafasi. Igandishe kwenye sinia bapa sio kwenye kontena refu, iwe nyembamba kama vidole viwili, inashika haraka. Ikishakuwa ngumu ikate vipande kama vya kashata, tupia kwenye blenda, saga kwa kushtukiza shtukiza mpaka iwe laini kama uji mzito, rudisha haraka difriza. Blenda inavunja zile chembe na inaingiza hewa. Aiskrimu za dukani laini vile sababu zimejazwa hewa, sisi hatuna mashine, blenda ndo mashine yetu. Kama blenda yako ni ya kuungaunga usiilazimishe, acha vipande vilainike dakika tano kwanza, nilishaua moja mwenyewe.

Binti_Mvumi
Naomba niulize pembeni, zabibu huku kwetu ni msimu mara mbili kwa mwaka na nyie mnazimaliza. Nikitaka nanasi au papai? Nilijaribu nanasi la kusaga kwenye kastadi usiku nikaweka friji, asubuhi imekuwa maji maji na CHUNGU kama kwinini.

Jikoni_AreaC
Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula protini, ndo kile kinachokuchoma ulimi ukila sana. Kwenye kastadi kinakula maziwa, na protini ikikatwa katwa inakuwa chungu. Papai nalo hivyo hivyo, hasa likiwa halijaiva sawasawa, wengine si mnatumia papai bichi kulainisha nyama ya mbuzi? Mlainisha nyama ni huyo huyo. Dawa ni moto tu, lichemshe nanasi na sukari mpaka lichemke vizuri dakika kama kumi, kimeng'enya kinakufa. Embe, ndizi, parachichi hazina tabia hiyo.

MkulimaHombolo
Binti_Mvumi na wewe uko Mvumi unahangaika na nanasi la kutoka mbali, mibuyu yote hiyo?

Binti_Mvumi
Ubuyu kwenye kastadi? Si ni mchachu utakata maziwa.

MkulimaHombolo
Mke wangu anafanya. Anachukua ule unga mweupe, hauloweki kwa maji, anaukoroga na maziwa BARIDI kidogo mpaka uwe uji mzito, anachekecha kutoa nyuzi na vibonge, ndo anautia kwenye kastadi iliyopoa kabisa. Kwa nusu lita ya kastadi anatia vijiko vinne vya kulia na sukari anaongeza. Kwanza kabisa ubuyu hauna maji, ni mkavu tayari, tatizo lote la maji alilosema Jikoni halipo. Pili una ule mnato wake, mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe, barafu haipati pa kukaa. Sikupambi, huwa inatoka laini kuliko ya zabibu na mimi nauza zabibu. Rangi yake ni nyeupe ya maziwa, usitie ile rangi nyekundu ya ubuyu wa madukani, watoto wanachafua mashuka.

ShangaziWaKizota
Tia na iliki.

Jikoni_AreaC
Mkulima hiyo nimenyamaza. Kesho nakwenda Sabasaba kutafuta ubuyu.

Mpita Njia wa Nkuhungu
Mnaonaje hii ikawa biashara, wanafunzi wa chuo kule juu watanunua sana.

Jikoni_AreaC
Itakuwa, ila kabla ya kuuza fikiria umeme wa uhakika na usafi, kitu cha mayai na maziwa ukimwumiza mtu tumbo umekwisha mjini hapa. Anza na ya ubuyu na kastadi ya unga isiyo na yai, hatari inapungua. Fungua uzi wako tukusaidie, tusiuteke wa mama pacha.

MamaPacha_Dom
Ripoti ya pili na ya mwisho. Nimegandisha kwenye sinia, nimekata, nimesaga kwa kushtukiza, imerudi difriza (jirani kaweka luku, nimemchangia na bakuli nimempa). Jioni nimeitoa, nimesubiri dakika tano, Jikoni nilikuwa nimesoma mahali wanasema kumi lakini kwa hapa Dodoma dakika kumi ningekunywa.

Kijiko kimepita. Hakikupinda. Rangi waridi ya kukolea, haina chembe, ukiiweka mdomoni kwanza inakuja maziwa halafu nyuma kabisa inakuja ile zabibu ya kupikwa na kauchachu ka limau. Pacha mdogo hakuuliza ni dawa ya nini, kauliza "iko nyingine?" Mkubwa alikuwa analamba sinia.

Malalamiko yangu moja, kilo moja ya zabibu na lita ya maziwa na moto wote ule nimepata makontena mawili tu, la kwanza limeisha kabla ya taarifa ya habari.

Plasta_Boy
Kwa hiyo kibaraza changu ndo basi?

Binti_Mvumi
Hongera mama! Na hilo la pili umelificha wapi?

MamaPacha_Dom
Difriza la jirani, chini kabisa, nimebandika karatasi juu imeandikwa MAINI. Watoto hawali maini. Leo asubuhi nimefungua kuangalia nimekuta robo imekwenda na kijiko cha chai kimegandia humo humo, na kijiko hicho ni cha kwangu, na mwenye ufunguo wa kwa jirani nyumbani kwetu ni mzee peke yake.